Jiwe Lenye Uvungu: Jeodi Hutokea Wapi na Hutambuliwaje

Jeodi ambayo haijapasuliwa haina cha kuvutia. Ni jiwe la mviringo au la umbo la yai, la kijivu au kahawia, lenye ngozi ya kukwaruza. Ndani yake mna uvungu, na kuta za uvungu huo zimeota fuwele, mara nyingi za kwatzi, ambazo ncha zake zote zinaelekea katikati. Tofauti hiyo ya nje na ndani ndiyo iliyolipa jiwe hili umaarufu, na ndiyo inayowafanya watu wengi walitafute vibaya. Huokota kila jiwe la duara, wakaligonga nyundo, wakakuta ni jiwe tu hadi ndani. Wanaozipata jeodi mara kwa mara huanzia kwingine kabisa. Huuliza kwanza mwamba wa mahali hapo ni wa aina gani, na kama uliwahi kuwa na nafasi ya kuacha uvungu. Naamini hao ndio walioshika njia, kwa sababu namna jeodi inavyozaliwa ndiyo inayoamua itapatikana wapi na itakuwa na alama gani.

Mambo mawili hayana budi kuwepo. La kwanza ni uvungu uliofungika ndani ya mwamba. La pili ni maji yaliyobeba madini yaliyoyeyuka, yanayopenya humo kidogo kidogo kwa muda mrefu na kuyaacha madini hayo ukutani. Maji yasipofika, uvungu hubaki mtupu. Yakifika kwa muda mrefu mno, uvungu hujaa wote na tunapata donge gumu la mistari, mara nyingi akiki. Jeodi iko kati ya hali hizo mbili: uvungu ulioanza kujazwa, kazi ikakoma kabla haujajaa.

Uvungu wenyewe una asili zaidi ya moja. Asili inayoeleweka kwa urahisi ni ya volkano. Lava inapotoka ardhini huwa na gesi ndani yake, hasa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Shinikizo likipungua, gesi hujitenga na kuwa viputo vinavyopanda. Lava ikiganda kabla viputo havijatoka, vinabaki vimenaswa, vingi vikiwa karibu na sehemu ya juu ya mtiririko. Baadaye sana, mwamba ukiwa umeshapoa, maji ya ardhini huiyeyusha silika, yaani kiini cha kwatzi, iliyomo katika basalti yenyewe, ambayo ni lava iliyoganda, na kuipeleka kwenye matundu hayo. Tabaka la kwanza aghalabu huwa kalkedoni, ambayo ni kwatzi ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Hilo ndilo hutengeneza gamba gumu. Silika ikipungua katika maji na ukuaji ukaenda polepole, fuwele kubwa hupata nafasi ya kuchongoka.

Mfano mkubwa wa asili hii uko Amerika ya Kusini, katika jimbo la Rio Grande do Sul nchini Brazili na katika eneo la Artigas, ng'ambo ya mpaka, nchini Uruguay. Basalti ya huko ilimwagika yapata miaka milioni 134 iliyopita, wakati Amerika ya Kusini na Afrika zilipokuwa zinaanza kuachana. Sehemu ya lava hiyo ilibaki upande wetu wa bahari, katika eneo la Etendeka nchini Namibia. Kutoka Artigas, na kutoka Ametista do Sul upande wa Brazili, hutoka jeodi za amethisto zinazomzidi mtu mzima kimo. Moja iliyotolewa Uruguay na kupelekwa Australia ina urefu wa zaidi ya mita 3. Rangi ya zambarau ya amethisto hutokana na chembe chache za chuma zilizonaswa ndani ya kwatzi, zikapigwa na mionzi asilia ya miamba kwa muda mrefu.

Wengi hudhani fuwele hizo zilizaliwa katika joto la volkano. Vipimo vinasema vingine. Fuwele inapokua hufungia ndani yake vitone vidogo vya maji yaleyale yaliyoileta, na wanasayansi wakivichunguza hutambua joto la maji hayo. Kwa amethisto za ukanda huu, joto lililoonekana kwa kawaida ni chini ya nyuzi 100 za Selsiasi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu Artigas lilikuwa kati ya nyuzi 15 na 60. Kwa hiyo volkano iliacha uvungu tu. Fuwele zilikuja baadaye, kwa maji ya ardhini ambayo mengine mtu angeweza kutumbukiza mkono bila kuungua.

Kinachobishaniwa bado ni ukubwa. Kiputo cha gesi katika lava huwa cha milimita au sentimita chache, basi uvungu wa mita 3 umetoka wapi? Wapo wanaosema viputo vingi viliungana lava ikiwa bado laini. Wengine wanasema tundu dogo lilipanuliwa baadaye na maji ya moto yenye shinikizo, mwamba ukiwa umeshalegea kwa kuozeshwa na maji hayo. Kwangu mimi, maelezo ya kwanza yanatosha kwa jeodi za ukubwa wa ngumi, lakini kwa zile ndefu sana sioni kama kuna upande ulioshinda.

Asili ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hakuna moto wala gesi ndani yake. Kwenye mpaka wa majimbo ya Iowa, Illinois na Missouri nchini Marekani, kuuzunguka mji wa Keokuk ambako mto Des Moines unaingia Mississippi, kuna jeodi nyingi kiasi kwamba jimbo la Iowa liliifanya jeodi kuwa jiwe lake rasmi mwaka 1967. Zinatoka katika tabaka liitwalo Warsaw, lililowekwa yapata miaka milioni 340 iliyopita chini ya bahari ya kina kifupi. Huo ni mwamba wa mashapo: matope, chokaa na dolomiti. Mahali hapo hapakuwa na lava. Uvungu ulitoka wapi?

Jibu linaanza na donge. Ndani ya matope laini ya sakafu ya bahari hiyo yaliota madonge ya madini mengine, na kwa mengi kati yake ushahidi unaelekea kwenye anhidraiti, yaani chumvi ya jamii ya jasi isiyo na maji ndani yake. Tunajuaje kwamba madonge yaliota matope yakiwa bado laini? Tazama mwamba mahali jeodi ilipokaa: tabaka nyembamba za matope hazikatwi na jeodi, zinapinda na kuizunguka juu na chini. Zilipobanwa na uzito wa mashapo ya juu, donge lilikuwa tayari lipo, likakataa kubanwa. Kisha silika, ambayo huenda ilitoka kwenye mifupa midogo ya sponji za baharini, ilianza kuchukua nafasi ya ngozi ya donge ikawa gamba la kalkedoni. Madini ya ndani, yasiyo na ugumu huo, yaliyeyushwa na maji na kuondoka. Ukabaki uvungu, na kwatzi ikaanza kuota kuelekea ndani. Mwaka 1974 watafiti Chowns na Elkins walionyesha, katika jeodi za umri wa karibu na huo huko Tennessee, kwamba vipande vidogo vya anhidraiti ya awali bado vimenaswa ndani ya kwatzi. Ushahidi huo ni wa nguvu. Donge limekwenda, lakini limeacha chembe zake ndani ya kilichochukua nafasi yake.

Asili hii inaeleza pia kwa nini jeodi nyingi za mashapo zina uso wa vinundu vilivyobanana kama ua la koliflawa. Anhidraiti inapoota ndani ya matope hujitanua kwa namna hiyohiyo, na silika ilirithi umbo. Anayezitafuta Keokuk hujifunza kuutambua uso huo kabla ya kitu kingine chochote.

Mwamba wa mashapo una njia nyingine za kutoa uvungu. Katika jimbo la Indiana ziko jeodi zilizoanza kama visukuku: kombe za wanyama wa baharini na mashina ya krinoidi, jamaa wa nyota ya bahari. Silika iliingia kwenye nyufa za kisukuku na kukitanua kutoka ndani hadi kikapasuka, na katika baadhi ya vipande bado unaviona vigae vya kombe vikiwa vimesukumwa mbalimbali juu ya gamba. Nako Niota, Illinois, wamezipata jeodi zilizojaa mafuta ghafi. Mtu akiipasua, mafuta humwagika. Mafuta hayo yaliingia baada ya fuwele kukomaa, na yanathibitisha kwamba gamba lililoonekana kuwa limefungwa kabisa lilikuwa na njia.

Nitaigusa jeodi ya Pulpí kwa ufupi, kwa kuwa inazishinda kwa ukubwa zote nilizozitaja lakini inafundisha machache kuhusu kutambua jeodi. Ni uvungu uliogunduliwa mwaka 1999 ndani ya Mina Rica, mgodi wa zamani katika mkoa wa Almería, Hispania. Una urefu wa mita 8 hivi, na kuta zake zimejaa fuwele za jasi zinazopitisha mwanga, nyingine za mita 2. Umma uliruhusiwa kuitembelea kuanzia mwaka 2019. Hakuna anayeiokota ile.

Habari ya anhidraiti inatuleta nyumbani. Mwaka 1967 mwanajiolojia Campbell Bridges, akiwa kaskazini mwa Tanzania, alikuta vinundu vya mwamba vyenye umbo la kiazi ambavyo ndani yake mlikuwa na ganeti ya kijani. Baada ya hapo aliikuta tena Kenya, katika eneo la Taita, na mwaka 1974 kito hicho kikaingizwa sokoni kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo. Watafiti waliochunguza kemia ya miamba hiyo wanaona kwamba chanzo chake ni matope ya kale yaliyokuwa na chumvi za aina ya jasi, ambayo joto na shinikizo vilikuja kuyageuza kuwa mwamba mwingine. Mchimbaji mdogo anayefuata mwamba mweusi wenye grafiti huku akitafuta "viazi" anafanya jambo lilelile linalofanywa na mtafutaji wa Keokuk: anaufuata mwamba ili aufikie mviringo. Hata hivyo kinundu cha tsavoraiti si jeodi. Hakina uvungu, na fuwele zake hazikuota kutoka ukutani kuelekea nafasi tupu. Nalisisitiza hilo kwa sababu nimesikia vikiitwa hivyo.

Pwani yetu ina uhusiano wa zamani zaidi na mawe haya, ingawa nao hauhusu jeodi yenyewe bali ndugu yake aliyejaa. Shanga za akiki nyekundu zilizofukuliwa katika miji ya kale ya Waswahili, kama Shanga na Kilwa, zinahusishwa na Gujarat, ambako wachongaji wa Khambhat walitumia mawe yaliyochimbwa Ratanpur. Akiki hizo zilizaliwa ndani ya matundu ya basalti ya Deccan, lava iliyomwagika yapata miaka milioni 66 iliyopita, kisha mwamba ukamomonyoka na mawe yakakusanyika kwenye changarawe. Rangi nyekundu mara nyingi ilipatikana kwa kulichoma jiwe la kahawia motoni. Aliyevaa pete ya akiki Lamu au Zanzibar alikuwa amevaa kiputo cha gesi kilichojazwa madini na maji.

Je, jeodi zinaweza kupatikana Afrika Mashariki? Basalti za Bonde la Ufa zina viputo vya kutosha, na vingi vimejaa zeoliti, kalsiti, kalkedoni au kwatzi. Vilivyobaki na uvungu wenye fuwele ni vidogo kwa kawaida, wala hakuna biashara iliyojengwa juu yake kama ile ya Brazili. Lakini mwanafunzi anayetaka kuiona hatua ya kwanza ya kuzaliwa kwa jeodi hana haja ya kusafiri mbali. Atafute mtiririko wa basalti uliokatwa na barabara au korongo, atazame sehemu ya juu iliyojaa matundu, na alinganishe tundu tupu, tundu lenye ngozi nyeupe na tundu lililojaa.

Sasa alama. Jeodi hutoka kwenye mwamba mama kwa sababu gamba lake la silika hustahimili kuoza kuliko mwamba unaolizunguka. Basalti hugeuka udongo, chokaa huyeyuka kwa mvua, matope yaliyokauka humeguka, lakini jeodi hubaki. Ndiyo maana hupatikana chini ya genge, kwenye vijito vinavyokata tabaka husika, na katika mashamba baada ya kulimwa. Inaweza pia kubebwa mbali. Jeodi za Dugway, Utah, zilizaliwa katika mwamba wa volkano miaka milioni 6 hadi 8 iliyopita, kisha mawimbi ya ziwa la kale la Bonneville yakazing'oa na kuzitandaza kwenye matope ya ziwa, mbali na zilikozaliwa. Anayekuta jeodi kwenye matope asikimbilie kusema imezaliwa hapo.

Ukilishika mkononi, jiwe lenye uvungu ni jepesi kuliko jiwe la ukubwa huohuo lililojaa. Hiki ni kipimo kizuri, mradi uwe na jiwe la kulinganisha kutoka mahali hapohapo. Kwaruza gamba kwa kisu: kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, hivyo kisu cha kawaida hakiikwaruzi, huacha tu mstari wa chuma chake. Kisu kikizama kwa urahisi, gamba hilo ni la kalsiti au la udongo. Tone la asidi hafifu litaitofautisha kalsiti, kwa kuwa itatoa mapovu na kwatzi haitafanya lolote. Wapo wanaotikisa jiwe sikioni, na ni kweli kwamba baadhi ya jeodi zina fuwele zilizovunjika ambazo hulia. Lakini jeodi nyingi hazilii kabisa, na mawe mengine hulia bila kuwa jeodi. Madonge ya chuma yenye udongo uliokauka ndani yanalia vizuri sana. Warumi wa kale waliyajua na kuyaita mawe ya tai, na mwandishi wao Plinio aliandika habari zake. Sauti, basi, naiweka mwisho kabisa katika orodha ya ushahidi.

Mawe yanayochanganywa na jeodi ni mengi. Donge la kawaida la mashapo huwa ni matope au chokaa iliyoshikana, sawasawa hadi katikati. Donge la nyufa, kama yale yanayoletwa sokoni kutoka Madagaska, lina mistari ya kalsiti ya njano iliyojaza mipasuko, na mipasuko hiyo si uvungu mmoja. Gumegume lina ugumu wa jeodi na uso wa vinundu pia, lakini ukilivunja linatoa kingo kali na ndani ni rangi moja. Kisha kuna mawe ya Oregon yaliyozaliwa ndani ya lava nzito yenye silika nyingi: nje yana mwamba wa lava, ndani yana nyota ya akiki, na kwa kawaida yamejaa. Upande wa pili, jeodi za Las Choyas huko Chihuahua, Mexico, ni za mviringo kiasi kwamba biashara imezibatiza jina la nazi, nazo huchimbwa kwa mashimo marefu ndani ya majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa mwamba. Ukiziona tano pamoja utashawishika kwamba mviringo ndiyo alama ya jeodi. Sivyo. Jeodi za Brazili zina umbo la chozi, za Indiana zina umbo la kisukuku, na Keokuk wanapata zilizobonyea kama mkate.

Kupasua ni kazi yenye hatari ambayo haitajwi vya kutosha. Nyundo na tindo hutoa matokeo ya bahati. Mnyororo wa kukatia mabomba, unaokazwa kidogo kidogo kulizunguka jiwe, huligawa vizuri zaidi, na msumeno wa almasi hutoa uso laini. Miwani ya kukinga macho ni lazima. La hatari kuliko yote ni vumbi. Vumbi la silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuurudisha nyuma, na wachongaji wa akiki wa Khambhat wameugua na kufa kwa sababu hiyo. Kata jiwe likiwa na maji, katika hewa wazi. Usilisage kavu hata kwa dakika chache.

Sokoni, udanganyifu hufuata uzuri. Nchini Morocco hutengenezwa jeodi za bandia kwa kubandika chembe za galena au kwatzi kwa gundi ndani ya nusu ya jiwe tupu, wakati mwingine zikipakwa rangi. Tazama mahali fuwele inapokutana na ukuta. Fuwele halisi imeota kutoka kwenye gamba na tabaka zinaonekana zikifuatana: mwamba, kalkedoni, kisha kwatzi inayopanuka kuelekea ndani. Ya kubandikwa hukaa juu ya gundi, na vipande vyake huangalia huku na huku. Rangi ya waridi kali au buluu kali iliyojikusanya kwenye nyufa ni ya kiwandani. Jeodi ya rangi ya chungwa yenye mizizi myeupe mara nyingi ni amethisto iliyochomwa, na muuzaji mwaminifu husema hivyo bila kuulizwa.

Linabaki ombi moja kwa msomaji wa kwetu. Thamani ya kielimu ya jeodi iko katika mwamba iliokutwa nao, na nyundo huifuta kwa pigo moja. Ukiipata, ipige picha ikiwa bado mahali pake, andika jina la mto, korongo au kijiji, na chukua kipande kidogo cha mwamba unaoizunguka. Kumbuka pia kwamba kwa sheria za Tanzania na Kenya madini ni mali ya umma, na kuchimba kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni. Kisha peleka picha na kipande hicho ofisi ya madini ya eneo lako, au idara ya jiolojia ya chuo kikuu kama Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, kabla ya kuipasua.